Mapigo Thelathini na Manane

Migori,
9 Machi 1997

Kwa shemeji yangu Maroa,

Pokea salamu zangu na za Joyline. Sisi tu wazima, ila mtoto ana kikohozi kidogo cha vumbi, si cha kukutia wasiwasi. Najua ulifika salama kwa sababu Javan alituma neno kupitia mwenye duka wa Mbita kwamba mzigo umefika na unakula vizuri. Ndugu yangu huyo hana adabu, utamzoea.

Najua pia umenikasirikia. Kijana wa Kikuria wa miaka ishirini na miwili, anayemwacha kila mtu nyuma kuanzia Mabera hadi Kehancha, anapelekwa kisiwani kwa wakwe wa marehemu kaka yake kama ng'ombe aliyeingia shamba la mtu. Lakini wewe nakujua. Ungebaki hapa ungesema unaenda dukani, urudi umelowa jasho.

Nakueleza tena, maana siku ile kwa daktari ulikuwa unatazama dirisha tu. Daktari Omwenga alisema moyo una umeme wake mdogo unaouamuru upige. Mtu akifanya mazoezi makali miaka mingi, umeme ule hubadilika. Moyo unatanuka, unapiga polepole, na wakati mwingine amri inachelewa njiani, inachelewa zaidi, mpaka pigo moja linaruka. Mashine imeandika hayo yote kwenye karatasi yako. Shida ni kwamba moyo mgonjwa nao huandika karibu hivyo hivyo, na karatasi peke yake haiwezi kumwambia ni upi. Njia ya kujua ni moja: uache mbio miezi mitatu, upimwe tena. Mistari ikirudi kuwa ya watu wa kawaida, yalikuwa mazoezi. Ikibaki vile, ni ugonjwa, na hutakimbia tena. Kocha Bichage amesema nafasi yako kwenye timu ya jeshi atakushikia hadi mwisho wa Juni.

Kwa hiyo ukitaka kukimbia, usikimbie. Si mimi niliyeitunga hiyo sheria.

Saa ya marehemu Zablon nimekupa kwa kazi moja. Kila asubuhi kabla hujatoka kitandani, shika kifundo cha mkono, hesabu dakika nzima, uniandikie namba. Daktari anasema ukipumzika sawasawa namba itapanda. Nimemzika kaka yako mwaka wa pili sasa, na hakuna aliyeniambia alikufa na nini. "Moyo," walisema, basi. Wewe nataka nijue.

Shemeji yako,
Rispa


Takawiri,
23 Machi 1997

Shemeji Rispa,

Nakusalimu katika jina la Bwana, na kwa Joyline mwambie kikohozi hakiponi kwa kunung'unika, anywe dawa. Ukitaka kujua hali yangu, ni thelathini na nane. Nimehesabu mara mbili.

Kwenu ni kuzuri, nisiseme uongo. Lakini kisiwa hiki nimekizunguka nikitembea taratibu kama mchungaji wa kanisa, na chai niliyoiacha mezani sikuikuta imepoa sana. Nikitaka kwenda mbali zaidi niingie majini. Na majini nako kumefungwa: magugu maji yamekuja na upepo wiki iliyopita yakaziba ufuo wote, kijani kitupu, mpaka bata wanatembea juu yake. Nasimama hapo kila siku kuangalia kama yameondoka. Siku mbili tatu yanaondoka, kisha yanarudi.

Wananiita yuora, shemeji kwa lugha yenu, na kunikalisha kwenye kiti cha wageni kile chenye kitambaa cha kushona. Trizah, mke wa Javan, haniruhusu hata kubeba kikombe changu. Samaki mkubwa ni wangu, kichwa ni changu. Kijana mzima nakaa kitini nakula mbuta wa watu! Kwetu mtu anayekula bila kushika kazi ana jina lake, na sitaliandika kwa sababu ya Joyline.

Miguu inaniuma kwa kutofanya chochote. Sikujua hilo linawezekana. Asubuhi inaamka kabla yangu, inataka barabara. Naiambia hakuna barabara.

Sijakimbia. Naapa.

Shemeji yako,
Maroa


Migori,
6 Aprili 1997

Shemeji Maroa,

Hujambo huko? Sisi hatujambo, kikohozi kimekwisha, na mvua imeanza vizuri.

Nimecheka hicho kiti cha kitambaa mpaka mwenzangu wa wodini akauliza kama nimeandikiwa na mchumba. Nilikishona mimi nikiwa darasa la saba, kwa hiyo ukikalie kwa heshima. Kwetu mtu wa ukweni hatumwi. Ukishika jembe watu watasema Javan amemdhalilisha shemeji yake.

Namba bado iko chini, lakini daktari anasema wiki mbili ni mapema. Nilimuuliza nikiwa napiga deki nje ya chumba chake. Ni mtu mzuri, hachoki na maswali ya mwosha sakafu.

Jambo moja la Joyline. Mwalimu ameniambia ana mbio, anawashinda wavulana wa darasa la tatu. Nimemwandikia mwalimu kwamba mtoto asikimbie hadi niseme. Usiniulize kwa nini.

Shemeji yako,
Rispa


Takawiri,
27 Aprili 1997

Shemeji Rispa,

Salamu kutoka kwetu sote. Javan ni mzima, Trizah ni mzima, mimi ni thelathini na nane tena, na Jumatano nilikuwa thelathini na sita. Sielewi. Labda saa ya Zablon inachelewa.

Nina habari njema lakini. Kiti kimenishinda! Mashine ya boti ya Javan imeharibika kwa magugu, yanajifunga kwenye panga lake mpaka inazimika, na abiria wa kwenda Mbita wanabaki ufuoni na ndoo zao za omena. Nikamwambia nipe kasia. Akakataa kabisa, akasema Rispa atanila mzima. Nikamwambia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na kwenu jembe ni kasia. Hapo akanipa kasia.

Sasa tunavusha watu kwenda na kurudi, mara mbili kwa siku, siku sita kwa wiki. Mashine tumeiinua, ni mikono tu. Pakiwa wazi tunapiga kasia, magugu yakitubana tunasukuma kwa mti mrefu mpaka boti inapenya. Mara ya kwanza nilitapika. Sasa Javan ndiye anayeniomba nipunguze mwendo. Viganja vimekuwa kama soli ya kiatu, na shati ulilonishonea Krismasi limenibana mabegani. Jumapili napumzika kanisani.

Angalau sioni aibu tena nikila. Na nikiwa katikati ya maji nasahau kwamba nimefungwa.

Usiogope, hata mita moja sijakimbia.

Shemeji yako,
Maroa


Migori,
18 Mei 1997

Shemeji Maroa,

Natumai barua hii inakukuta mzima. Sisi tunaendelea.

Samahani kwa kuchelewa kujibu. Kazi ni nyingi wodini. Nimefurahi kwamba unaelewana na Javan. Namba ni namba, usiibishie.

Endelea hivyo hivyo. Daktari atakupima tarehe 12 Juni, saa nne asubuhi.

Shemeji yako,
Rispa


Takawiri,
15 Juni 1997

Shemeji Rispa,

Sijui nianze na salamu gani. Mko wazima? Mimi nilifika jana, magari yalikuwa machache.

Nilikuona koridoni siku ile. Ulinisalimu ukaendelea kupiga deki bila kuinua kichwa, nikadhani mkubwa wako yuko karibu, ndiyo maana sikusimama.

Daktari aliweka karatasi mbili mezani, ya Februari na hii. Akazitazama muda mrefu. Aliniuliza, "Umekimbia?" Nikamwambia hapana. Akauliza tena, "Maroa, sema kweli, umekimbia hata kidogo?" Nikaapa kwa Mungu na kwa kaburi la Zablon. Akasema basi pole. Mistari ni ile ile. Umeme unachelewa pale pale, pigo linaruka vile vile, na kuta za moyo anaona bado ni nene. Kama yangekuwa mazoezi, miezi mitatu ingetosha kuyapunguza. Amemwandikia Bichage barua, nami nikaibeba mwenyewe kuipeleka, kama mtu anayebeba kamba ya kujifungia.

Bichage aliisoma amesimama. Akasema ningekuwa mtoto wake angefanya vivyo hivyo. Nafasi atampa mwingine.

Sasa nimerudi huku kwa sababu nyumbani siwezi. Kutoka kwetu Mabera huendi mahali popote bila kupita barabara ile, na kila jiwe lake nalijua. Nimemwambia Javan nitabaki kwenye boti yake.

Shemeji, kuna jambo linanisumbua. Naambiwa nina moyo wa kuanguka nao, na mimi sijisikii mgonjwa. Je, Zablon naye alijisikia vizuri asubuhi ile? Wewe ndiye uliyempa chai. Niambie.

Thelathini na saba.

Shemeji yako,
Maroa


Migori,
20 Julai 1997

Maroa, shemeji yangu,

Wiki tano sikukujibu. Nimeandika barua hii mara nne na kuichoma. Hii ya tano naipeleka posta hata kama ni mbaya.

Umeniuliza kuhusu chai. Ndiyo, alijisikia vizuri. Alikunywa vikombe viwili akanitania kwamba ya Waluo ina maji mengi. Saa saba mchana niliitwa Awendo, nikamkuta wamemlaza kwenye trela ya miwa, juu ya majani. Panga lake walikuwa wameliweka pembeni yake vizuri. Jasho lilikuwa bado kwenye shati. Mtu aliyekufa, na jasho la kazi halijakauka.

Sasa nisikilize. Uliponiandikia Aprili kuhusu kasia, nilisoma mara moja nikaketi. Mimi ni mtoto wa Takawiri, najua kasia linafanya nini kwa kifua cha mwanamume. Lakini huko kwetu hakuna anayeita hayo mazoezi, ni kazi. Mazoezi ni ya watu wenye viatu. Wewe hukujua, Javan hakujua. Mimi nilishuku. Mwezi wa tano nikamwuliza daktari, bila kutaja jina, je, mtu akiacha mbio lakini apige kasia kutwa? Akacheka, akasema, "Mama, moyo haujui kama hiyo ni barabara au ni maji."

Basi nikajua. Namba yako haikupanda kwa sababu hukuwa umepumzika hata wiki moja. Kipimo kile kingekuwa bure. Na nikakuandikia: endelea hivyo hivyo.

Nilifanya kusudi. Nilijiambia acha ashindwe kipimo, akishindwa atabaki hai. Atachukia, atanenepa, ataoa, Joyline atakuwa na baba mdogo wa kumpeleka shule. Tarehe 12 nilikuwa koridoni na ndoo yangu, nikakusikia ukiapa kwa kaburi la mume wangu. Ulikuwa unasema kweli, na mimi niliyekuwa na kweli nyingine nikaendelea kupangusa pale pale palipokwisha kauka.

Jana nilienda kwa daktari nikamwambia kila kitu. Alikasirika, na ni haki yake. Amekuwekea tarehe nyingine, 6 Novemba. Kuanzia siku utakayosoma hii, weka kasia chini. Usivute wavu, usipasue kuni, usibebe maji. Rudi kwenye kile kiti. Javan akicheka mwambie nimesema mimi.

Mistari ikinyooka, nimekuibia nafasi yako kwa Bichage, na siwezi kuirudisha. Isiponyooka, basi moyo wako ni mgonjwa kweli, na nilikuacha uchape kasia na moyo mgonjwa huku najua. Vyovyote vile sina pa kutokea. Nilitaka kukufungia wewe mlango, nimejikuta ndani na mimi.

Sikuombi unisamehe kwa barua.

Shemeji yako, ukikubali bado,
Rispa


Takawiri,
3 Agosti 1997

Rispa,

Barua imefika. Kasia nimemrudishia Javan.

Usiniandikie.

Maroa Wangwe


Migori,
5 Oktoba 1997

Shemeji,

Umesema nisiandike. Najua. Isome ama uwashie moto, lakini nakusalimu, na tunaomba u mzima.

Hukuandika namba. Miezi miwili naamka asubuhi nashika mkono wangu mwenyewe nahesabu, sijui kwa nini. Mimi ni sabini na nne.

Javan ameniambia unakaa kitini uso umeelekea ukuta, hutaki hata kuangalia ziwa. Amesema anaogopa kukupita. Nimelia sana siku hiyo, na si kwa kukuonea huruma tu.

Ijumaa nilipita shuleni kwa Joyline wakati wa michezo. Watoto wote wanakimbia, wangu amekaa kwenye ngazi ameshika viatu vya wenzake, vyote, ameviweka mapajani. Hakuniona. Amekuwa mlinzi wa viatu tangu Aprili kwa barua yangu kwa mwalimu. Nikasimama pale uani nikaona nimefanya kisiwa kingine.

Nilimwambia mwalimu amwachie. Alikimbia kwenda na kurudi mara moja. Mimi niligeuka nikashika mti wa bendera, sikuweza kutazama. Lakini nilisikia akirudi.

Ni hayo tu. Tarehe 6 Novemba, saa nne. Siku hiyo nitaomba ruhusa nisije kazini, ili usinikute koridoni.

Shemeji yako,
Rispa


Mabera,
1 Februari 1998

Shemeji Rispa,

Salamu kwako na kwa Joyline. Mvua hii imetuvurugia barabara na madaraja, mnavukaje huko mjini? Sisi hapa ni matope mpaka magotini, lakini tu wazima.

Nimechelewa, najua. Nilitaka hasira iishe kwanza na haikuisha upesi. Nisikudanganye. Nilikaa kwenye kile kiti chako siku tisini na tano nikikuchukia, na nilihesabu nyuzi zote za kile kitambaa. Mtu akichukia muda mrefu hivyo anakosa vitu vipya vya kuchukia. Mwezi wa tatu wa kukaa hapo nikaanza kukumbuka mengine. Kwamba wewe ndiye uliyemwona Zablon kwenye trela, mimi nilimwona kaburini tu, ameshavalishwa suti. Ningekuwa wewe sijui ningefanya nini. Ulinifungia, na sitasema hukunifungia. Lakini pia ungeweza kuchoma barua ya tano kama zile nne, na hakuna mtu duniani angejua.

Namba sikukutumia kwa makusudi, nilitaka uteseke. Hizi hapa sasa. Agosti mwishoni arobaini na tatu. Septemba arobaini na tisa. Oktoba hamsini na nne. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba, sitini na moja.

Daktari Omwenga alipanga karatasi tatu mezani. Mbili za kwanza zilifanana kama mapacha. Hii ya tatu akaishika kwenye mwanga wa dirisha, akaniambia nikizichanganya atasema ni ya mtu mwingine. Umeme hauchelewi tena. Hakuna pigo linaloruka. Yalikuwa mazoezi, shemeji. Miguu na kasia, basi. Kilichomuua Zablon hakukijua na hatakijua, lakini kwangu hakuona ugonjwa wowote. Amesema nirudi kila mwaka nipimwe, na Joyline aletwe mara moja naye, si kwa hofu, ni kwa kujua.

Bichage alinionyesha kijana wa Kisii aliyechukua nafasi yangu. Ana mbio nzuri. Nilimsalimia kwa mkono, nikaenda nyuma ya choo cha uwanja nikalia, kisha nikarudi nyumbani kwa miguu.

Nilianza polepole mwezi wa kumi na mbili, kwenye matope haya haya. Na namba imeanza kushuka. Krismasi hamsini na saba. Katikati ya Januari hamsini na moja. Leo asubuhi arobaini na sita. Najua ukiisoma utashika kifua. Kishike, lakini usiache kusoma. Safari hii inashuka kwa sababu nakimbia, na wewe na mimi sasa tunajua hivyo kwa sababu ulisema.

Jumamosi tarehe 14 kuna mbio za wilaya hapo Migori uwanjani. Mita elfu kumi, saa tatu asubuhi. Najua hujawahi kutazama mtu wa nyumba yetu akitoka jasho tangu siku ile, na ukigeukia mti wa bendera sitakulaumu. Lakini njoo na Joyline. Saa ya Zablon nitakupa kabla sijaanza, kwa sababu mtu aliyetoka mbio hawezi kujihesabu mwenyewe, anapumua sana.

Simama kwenye mstari wa mwisho. Nikifika nitakunyooshea mkono, uhesabu wewe.

Shemeji yako,
Maroa